Kwetu Hakuna Wibari

Kosa la kwanza lilikuwa la kweli, na ningependa hilo lieleweke kabla sijafika kwenye yale niliyoyafanya kwa makusudi. Nilikuwa napangusa vumbi katika chumba cha kusomea cha madam, ghorofa ya juu, Al-Malqa, kaskazini mwa Riyadh. Madam alikuwa amesimama mbele ya ramani kubwa iliyobandikwa ukutani, ameshika pini kwa meno kama fundi cherehani. Akaniuliza bila kugeuka, "Kenya kuna wabri?"

Nikamjibu, "Hapana, madam. Kwetu hakuna wibari."

Neno hilo nililijua. Kanisani kwetu lilikuwa likisomwa katika ile orodha ndefu ya wanyama ambao watu wa kale walikatazwa kuwala, na mimi, mtoto anayesinzia kwenye benchi, niliamua kwamba wibari ni mnyama wa jangwani, wa nchi za mbali, labda ndugu wa ngamia. Hakuna mtu mzima aliyewahi kuniambia ana sura gani, na sidhani kama mchungaji mwenyewe alijua. Basi madam aliposema wabri, nikasikia wibari, na kwa kuwa wibari nilikuwa sijamwona, nikasema hakuna.

Akanionyesha picha kwenye kompyuta. Mnyama mwenye ukubwa wa sungura mnene, hana mkia, masikio madogo ya mviringo, amekaa juu ya jiwe anaota jua kwa uso wa mtu aliyeamshwa kabla ya saa yake. Nikamtazama vizuri. Nilimfahamu na sikumfahamu. Alikuwa mkonde kidogo, na manyoya yake mafupi yalikuwa na rangi ya mchanga.

"Anafanana na pimbi," nikasema. "Pimbi wako kwetu, juu kabisa ya mlima, kwenye baridi. Lakini pimbi ana manyoya mengi, meusi-meusi. Pimbi si wibari."

Madam akatoa pini mdomoni. "Mna majina mawili?"

"Ndiyo, madam."

"Kwa hiyo watu wenu wanawatofautisha."

Sikujua kwamba tunawatofautisha. Nilijua tu kwamba Kiswahili kina neno la kanisani na neno la mlimani, na kwamba mtu akipewa maneno mawili huona vitu viwili. Lakini madam alikuwa ameshavuta kiti na kuchukua kalamu, na tangu niingie katika nyumba ile hakuna mtu aliyewahi kuvuta kiti ili anisikilize. Nikasema ndiyo, tunawatofautisha.

Inafaa niseme nilikuwa na hali gani wakati huo. Mkataba wangu ulikuwa wa miaka miwili na nilikuwa katikati ya mwaka wa tatu. Bila sahihi ya kafili, mdhamini wangu, ambaye alikuwa bosi, mume wa madam, sikuweza kutoka nchini, na kila nilipomkumbusha bosi alisema baada ya Ramadhani, kisha baada ya Hajj, kisha baada ya mitihani ya watoto. Hakuwa mtu mkali. Angekuwa mkali labda ningemchukia na nafsi yangu ikapata pa kupumzikia. Alikuwa mtu wa baadaye tu, na baadaye zake zilikuwa hazina mwisho.

Nyumbani, Naro Moru, chini ya Mlima Kenya, nilikuwa nimemwacha binti yangu kwa dada yangu. Nilimwacha akiwa na mwaka mmoja na miezi minane, anatembea kwa kushika kuta. Sasa alikuwa amepita miaka minne. Dada alikuwa na simu ndogo isiyoonyesha picha, kwa hiyo mtoto alinijua kwa sauti, na sauti hiyo aliionea haya. Alikuwa akipewa simu anapumua tu. Picha alizokuwa nazo ni zile nilizotuma kwa jirani, wakazichapisha mjini. Zote nilipigwa nikiwa nimetoka na familia ile, nimevaa abaya nyeusi na mtandio mweusi, nyuma yangu duka kubwa lenye taa. Nilitaka kumwona mtoto wangu kabla hajasahau kwamba sauti ile ni ya mtu. Hilo ndilo lililokuwa moyoni mwangu, na mengine yote yalikuwa kufua na kupika.

Madam alikuwa anasomea shahada ya juu kabisa ya elimu ya wanyama, na somo lake lilikuwa huyo wabri. Alinieleza mengi siku zile, kwa Kiarabu cha jikoni tulichokuwa tunaelewana nacho na Kiingereza cha kujazia mapengo. Alisema ukimtazama kwa juu utamdhania panya au sungura, lakini ukifungua mdomo wake na kuhesabu vidole vyake utagundua kwamba ndugu zake wa karibu ni ndovu, na nguva wa baharini. Nilicheka mpaka nikaketi. Pimbi, ambaye kwetu ni tusi kwa mtu mfupi, ndugu wa ndovu. Madam naye akacheka, na kwa dakika moja tulikuwa wanawake wawili tu chumbani.

Halafu akanionyesha ramani. Pini zilianzia chini kabisa mwa Afrika, zikapanda Afrika Mashariki na Uhabeshi, zikavuka bahari, zikafuata milima ya Hijazi mpaka nchi za Sham. Swali lilikuwa, je, huyu ni mnyama mmoja aliyeenea kote huko, au ni wengi wanaofanana? Kuna wataalamu wanaopenda kugawa, akasema, na kuna wanaopenda kuunganisha, na wanachukiana kimyakimya. Profesa wake alikuwa wa kuunganisha. Yeye alitaka kugawa. Juu ya Mlima Kenya hakukuwa na pini.

"Nikipata kwamba wa kwenu wa mlimani ni mwingine kabisa," akasema, "hiyo ni kazi ya maisha. Lazima niende nimwone mwenyewe."

Kisha, siku mbili baadaye, akiwa amefungua friji anatafuta laban, yale maziwa ya mgando, akasema jambo ambalo yeye, nadhani, alilisahau kabla ya kufunga mlango. "Na wewe utakuja nami. Nani mwingine atanionyesha?"

Hapo ndipo nilipoacha kukosea na kuanza kusema uongo.

Baba yangu alikuwa mpagazi, alibeba mizigo ya wageni wanaopanda mlima, na nilipokuwa msichana alinipeleka mara mbili mpaka kambi ya juu. Pimbi kule hawaogopi watu. Wanatoka kwenye mawe jua likichomoza, wanajilaza pamoja wakipashana moto, wanaiba biskuti. Nilikaa nao saa nzima huku baba akichemsha chai, nikawaona kwa karibu kuliko nilivyowahi kuona mnyama yeyote asiyefugwa. Kwa hiyo nilijua. Nilijua kwamba pimbi ana doa la manyoya ya rangi tofauti katikati ya mgongo. Madam alipouliza kuhusu doa hilo, nikasema hana. Nilijua kwamba kucha zake ni butu kama kwato ndogo. Nikasema zimechongoka. Aliniuliza vidole vya mbele ni vingapi, ambavyo ni vinne, nikasema vitano, kisha nikaona macho yake yamekuwa makubwa mno, nikarudi nyuma nikasema vinne, ila kimoja ni kirefu.

Aliandika yote. Nilikuwa nasimama kando ya meza na kitambaa cha vumbi mkononi, naona maneno yangu yanaingia katika daftari lake kutoka kulia kwenda kushoto, na najua ni aibu kusema hivi, lakini nilifurahi. Kabla ya kuja huku nilikuwa mwalimu wa chekechea. Kwenye ikama yangu, kile kibali cha kuishi, iliandikwa mfanyakazi wa nyumbani, na wageni walipokuja nilikuwa shaghala, yaani kijakazi. Katika daftari lile nilikuwa mtu anayejua jambo.

Ijumaa moja nikampigia dada, nikaomba nipewe mtoto. Nikamwambia, kwa mdomo wangu mwenyewe, "Mama anakuja. Nakuja na ndege, halafu na gari. Nitakuletea viatu."

Alipumua. Kisha akauliza, "Vya taa?"

Ilikuwa mara ya kwanza kuniuliza kitu.

Shule zilipofungwa kwa kiangazi tukaenda Jeddah, kama kila mwaka, kwa mama yake madam anayekaa mtaa wa Al-Safa. Huko joto lina maji ndani yake, nguo hazikauki mwilini. Siku moja madam akasema, yalla, twende mlimani nikuonyeshe wabri wetu. Dereva alikuwa Mkenya, mtu wa Machakos, mcheshi, alikuwa ameajiriwa na familia mwaka uleule nilioajiriwa mimi. Tukapanda barabara ile ya kuzungukazunguka ya Al-Hada kuelekea Taif, nyani wamekaa ukingoni wakisubiri kutupiwa ndizi, na kadiri tulivyopanda ndivyo hewa ilivyopoa. Madirisha yakafunguliwa. Nilinusa ubaridi juu ya mawe, harufu niliyokuwa nimesahau kwamba ipo, na nikalia kidogo ndani ya mtandio.

Madam alijua mahali pao. Alituonyesha mwamba uliopakwa weupe na mikojo yao ya miaka mingi, akasema tusubiri. Hawakukawia. Kwanza mmoja, akachungulia. Halafu sita au saba, wakajilaza juani, mmoja akapanda mgongoni mwa mwenzake. Mmoja akageuka, nikaliona doa.

Walikuwa pimbi. Manyoya yao mafupi kwa sababu huko hakuna barafu, basi. Kukaa kwao, kutafuna kwao, hata ile namna ya kukukazia macho kana kwamba wewe ndiye uliyekuja kuwaibia, vyote vilikuwa vya pimbi.

Dereva aliyekuwa amesimama nyuma yangu akasema kwa Kiswahili, "Sasa hii si ni pimbi tu? Hizi ziko mob, zimejaa hata kwetu, kwa mawe."

"Nyamaza, tafadhali," nikamwambia bila kugeuka. "Akikuuliza, sema hujawahi kuiona."

"Kwani kuna nini, siz?"

"Ni mtoto wangu."

Hakuelewa, lakini alikuwa na watoto watatu huko kwao. "Sawa. Mimi sijaona kitu," akasema, akarudi kwenye gari.

Madam alikuwa akinitazama. "Huyu na wenu?" akauliza. Alikuwa na uso wa mtu anayeomba jibu fulani, na jibu hilo hilo ndilo nililokuwa nalihitaji mimi.

"Si yeye, madam," nikasema. "Kabisa si yeye."

Chuo kilichukua miezi kukubali safari. Nilizihesabu siku hizo kwa jinsi madam alivyokuwa akipanda ngazi: akipanda haraka, kuna habari. Siku aliyopanda akikimbia nilikuwa napiga pasi. Aliniita juu, akanionyesha barua. Wataondoka likizo ya katikati ya mwaka, yeye na bosi, kwa sababu mwanamke hasafiri bila mume au ndugu yake, siku kumi na mbili, wapagazi wamepatikana, mwongozaji amepatikana. Nikasubiri jina langu.

"Wewe utakaa Al-Safa na watoto na mama," akasema. "Miguu ya mama imezidi kuuma. Sina mwingine wa kumwamini."

Nikamwambia, "Madam, ulisema nitakuonyesha."

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. Hakukumbuka. Kisha akakumbuka kidogo, au akajifanya, akanishika bega. "Habibti, mwongozaji yupo. Na ruhusa yako ya kutoka itachukua muda, bosi hajaanza. Baada ya safari, inshallah. Halas?"

Nikasema halas, yamekwisha. Nilirudi kwenye pasi na nikaunguza kola ya shati la bosi, na sikuunguza kwa bahati mbaya.

Nilivyojichukia wiki zile siwezi kueleza vizuri. Nisingefungua mdomo, mlima ungebaki bila pini na hakuna ambaye angeenda popote, na ningekuwa na uchungu wangu wa kawaida, ule niliokwisha kuuzoea. Badala yake nilikuwa nimewajengea watu wengine njia ya kwenda kwetu, jiwe juu ya jiwe, kwa uongo wangu, nao watapita juu yake na mimi nimebaki nyuma nikimkanda bibi magoti. Nilimpigia dada, nikamwambia mambo yamebadilika, madam anakuja peke yake, amwambie mtoto. Mimi sikuwa na moyo wa kumwambia. Dada akasema atamwambia.

Nilimwomba madam jambo moja tu: apite Naro Moru, ni njiani kabisa, ampe mtoto kifurushi. Alikubali mara moja, na nasema hivi kwa haki yake, aliandika namba ya dada katika daftari lile la wabri. Dereva akaenda Batha, ambako vitu vyote vya kutumwa kwetu hununuliwa, akarudi na gauni la njano na viatu vyekundu vinavyowaka taa kwenye visigino kila hatua. Alikuwa amevijaribu kwa kuvigonga sakafuni dukani, akasema, mpaka mwenye duka akachoka naye. Ukubwa wa mguu nilikisia. Nilivishika muda mrefu, nikaingiza mkono ndani ya kila kiatu, nikavifunga.

Siku kumi na mbili zile Al-Safa nilizipitisha nimeweka simu ndani ya aproni. Madam hakupiga, na mlimani huwa hakuna mtandao, hilo nilijua. Siku ya kumi na moja dada akaniandikia: wamefika, wamempa, ameshukuru sana. Nikapiga. Akapokea, akasema mvua inanyesha, hasikii vizuri, tutaongea. Nikapiga tena kesho yake, akasema ana wageni. Dada yangu hana wageni, hajawahi kuwa na wageni. Nikajua kuna jambo na sikujua ni jambo gani.

Madam alirudi ameungua pua kwa jua, mchangamfu, amenenepa kwa chapati. Aliniletea majani ya chai ya Kenya, pakiti mbili. Baada ya kuwasalimu watoto na mama yake akaniita jikoni, akafunga mlango, akanikazia macho.

"Ni wabri," akasema. "Ana doa. Kucha butu. Ana manyoya marefu tu kwa ajili ya baridi. Ni huyohuyo, kutoka kwenu mpaka Sham."

Nikazipanga pakiti za chai kabatini.

"Ulisahau, au ulinidanganya?"

"Nilisahau, madam."

Akacheka, akaachilia mbali. Maalesh, si neno, akasema. Profesa atafurahi, atasema nilikuambia, na hata hivyo yeye madam amepima manyoya mengi, kuna sura nzima ya kuandika juu ya manyoya. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata kwa kofi. Kumbe haikuwa na uzito wowote. Uongo ulionikosesha usingizi mwaka mzima ulikuwa kwake sura moja iliyobadilika.

"Sasa njoo uone," akasema. Akatoa simu, akavuta viti viwili, tukaketi bega kwa bega. "Binti yako. Nimempenda. Bosi alipiga video, angalia mwenyewe."

Kwenye video mlango wa gari unafunguka na madam anashuka, abaya yake nyeusi na mtandio wake mweusi, ameshika kifurushi. Nyuma yake naona geti la dada, bati lake lenye kutu, nguo zimeanikwa. Msichana mrefu amesimama getini. Ilinichukua muda kujua ni yeye, kwa sababu nilikuwa natafuta mtoto mdogo. Anamtazama madam kuanzia chini mpaka juu, hana haraka, anamlinganisha na kitu alicho nacho kichwani. Kisha anakimbia. Hapigi kelele. Anafika, anaikumbatia ile abaya magotini, na anasema, "Mama."

Sauti ya dada inasikika kutoka pembeni, "Hapana, ngoja, huyo si..." halafu inakatika. Nilimngoja amalizie. Hakumalizia, na simlaumu, kwa sababu nimeuona uso wa mtoto na mimi pia nisingemalizia.

Madam kwenye video anachuchumaa, anacheka, anasema "mama, mama," kwa sababu hilo neno linaeleweka kila mahali. Mtoto anamgusa shavu. Anavishwa viatu, vinamtosha, anapiga hatua, taa zinawaka, anarudi. Anamzungushia madam mikono shingoni, mdomo karibu na sikio, na karibu na simu ya bosi, na anasema maneno machache kwa sauti ya chini, wazi kabisa.

Anasema, "Usirudi tena Saudia."

Madam aliyeketi kando yangu akasimamisha video kwa kidole. "Hapa," akasema. "Hapa anasema nini? Niliwauliza wote pale, wakaona haya, hakuna aliyenitafsiria."

Nilisikia mashine ya kufulia inamaliza mzunguko wake upande wa pili wa ukuta. Nikamwambia, "Anasema asante kwa viatu."

Madam akatabasamu, akairudisha video mwanzo ili tuitazame tena. "Ana adabu," akasema. "Umemlea vizuri."